Mashetani wa Lilanga wana miguu: jibu kwa binti wa Mwanza

Swali lililoletwa ni hili: "Shikamoo mwalimu. Mi ni binti wa miaka 26, niko Mwanza, nachora kwa akriliki na nimeokoka tangu niko sekondari. Nachora zaidi wamama wa dagaa pale Kirumba Mwaloni, na watu wangu huwa hawana miguu, wanaishia kwenye pindo la kanga. Mchungaji wetu aliona picha moja akasema hao ni majini, na kwamba nimeanza kufuata njia ya Lilanga wa mashetani. Wiki hiyohiyo mnunuzi mmoja mgeni akaniambia kazi yangu ni safi ila haina uzito wa kiroho wa Kiafrika, akanionyesha kwenye simu picha ya Lilanga huyohuyo. Sasa nauliza, hivi huyu mzee alifikaje mbali, ni hayo mashetani ndo yalimfikisha? Na msanii wa leo asiye na hayo mambo anaweza kutoboa?"

Marahaba binti yangu, na pole. Nisamehe nimecheka kwanza kabla ya kukuonea huruma, maana watu wawili ambao hawajawahi kukutana wamekupiga na marehemu mmoja, huyu anasema kosa lako umefanana naye, yule anasema kosa lako hujafanana naye. Na mzee wa watu huko alikolala hana hili wala lile.

Mi nimekaa kwenye hii shughuli miaka mingi, nimefundisha kuchora, nimesafirisha kanvasi za watu juu ya keria ya basi zikafika zimetoboka, nimeandaa maonyesho yaliyouza na yasiyouza hata kadi, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu na kuna mahali nitapinda njia kidogo, vumilia.

Tuanze na mtu mwenyewe maana naona wote wawili wamemtaja bila kumjua. George Lilanga ni Mmakonde, kazaliwa 1934 huko kusini mwa Tanzania. Inasimuliwa alianza kuchonga kwenye mizizi ya muhogo kwanza, kitu laini, ndo baadae akahamia kwenye mti mgumu. Alivyokuja Dar es Salaam miaka ya 70 alikuwa na mjomba wake mchongaji, Augustino Malaba, na huyo mjomba ndo alimsogeza Nyumba ya Sanaa, karakana ya wasanii pale Dar. Sasa unadhani aliingia pale kama msanii mkubwa? Aliingia kama mlinzi wa usiku. Mlinzi kabisa, wa kukaa getini wenzake wakishaenda kulala. Ila alikuwa anafanya kazi zake pembeni, wakaziona, wakamwacha ajaribu, akajaribu kila kitu kilichokuwepo pale, batiki, kuchora kwenye ngozi ya mbuzi, kukata mabati, kuchora kwa rangi. 1978 kazi zake zikawa kwenye maonyesho ya pamoja Washington huko Marekani, na kutoka hapo jina likaanza kutembea lenyewe. Alipofariki Juni 2005 Dar es Salaam kazi zake zilikuwa zimetundikwa Paris, kwenye yale maonyesho makubwa ya Africa Remix yaliyokuwa yanazunguka dunia.

Kutoka getini usiku mpaka Paris. Na hapo katikati ni kama miaka thelathini ya kuamka na kufanya kazi ileile kila siku, hicho ndo kipande ambacho mchungaji wako na mnunuzi wako wote wamekiruka.

Alafu kuna hii Nyumba ya Sanaa yenyewe, hapa mwambie mchungaji akae vizuri kwenye kiti. Ilianzishwa 1972 na sista. Sista wa Kikatoliki, Jean Pruitt, wa shirika la Maryknoll. Yani mtu anayeitwa baba wa mashetani kwenye uchoraji wetu alipata ajira, karatasi, rangi na dirisha la kuuzia kwenye nyumba iliyoanzishwa na mtawa, na huyo mtawa hakukimbia. Sisemi hili ili kumsuta mtumishi wa Mungu, nasema kwa sababu linaonyesha kwamba hata ndani ya kanisa kuna watu walioangalia picha zile wakaona kitu tofauti kabisa na alichokiona yeye.

Tatizo kubwa hapa, kwa maoni yangu, ni neno. Neno shetani limetuponza sana. Kwenye Biblia yako Shetani anaandikwa kwa herufi kubwa, ni mmoja, ni adui, hakuna mjadala. Lakini nenda Tanga, nenda Unguja, ukae na wazee, utasikia mtu "ana shetani" na hakuna anayepiga kelele. Shetani wa namna hiyo ni wengi na wana makabila yao, kuna wa Kiarabu, wa Kihabeshi, wa Kimasai, kuna kibuki ambaye bila brandi hamwelewani, anapigiwa ngoma, anaulizwa jina na anachotaka, akishapewa marashi yake au kitambaa chake anatulia na mama wa watu kesho anarudi kwenye vitumbua vyake. Sisemi uamini hayo, we umeokoka na mimi nina msimamo wangu, nakuonyesha tu kwamba neno moja linakaa nyumba mbili, na ukilitoa nyumba hii ukalipeleka ile bila kubisha hodi lazima watu wagombane.

Na Wamakonde wala hawakuwa na neno hilo mwanzoni. Wana yao, wana mahoka ambao ni roho za waliotangulia, wana nandenga, huyo ni kiumbe wa porini, msumbufu, wa kushtua watu njiani. Na wana mapiko, ngoma ya kinyago, ambapo mchezaji anakuja amefunikwa mwili mzima na kichwani amevaa kinyago cha mti mwepesi, zamani wanawake na watoto ambao hawajachezwa waliambiwa yule si mtu, ni aliyekufa amerudi. Kila mtu mzima anajua kuna mtu ndani, anajua hata ni jirani gani kwa jinsi anavyopiga mguu, lakini anacheka na anaogopa kwa pamoja. Kumbuka hiyo, kucheka na kuogopa kwa pamoja, tutairudia.

Hilo jina la shetani kwenye uchongaji limeingia hapohapo mjini, kwenye biashara. Wachongaji wanaisimulia hivi. Mwishoni mwa miaka ya 50, wengi wanataja 1959, Mmakonde mmoja anaitwa Samaki Likankoa alikuwa anachonga sanamu ya mtu ya kawaida, ikamvunjikia mkono. Ukishaharibu mpingo umeharibu, haubandiki kama udongo. Badala ya kuitupa akaigeuza, akaitoa kuwa nandenga, kitu cha ajabu kisicho na mpangilio wa mwili wa binadamu, akampelekea Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar aliyekuwa anawanunulia Wamakonde kazi zao. Peera akaipenda, akataka nyingine, na nyingine, na wenzake Samaki wakaona kumbe hiki nacho kinalipwa. Ndo mtindo wa shetani ukazaliwa, mwembamba, wa matundu matundu, jicho huku mdomo kule. Kwa hiyo mtu akikwambia mtindo ule umeshuka moja kwa moja kutoka kwa mizimu mwambie umepitia pia mkono uliovunjika na duka la Peera, na haupungukiwi na kitu kwa kupita hapo. Mi naona hiyo ndo habari tamu kuliko ya ndoto.

Lilanga alikuja baada ya hao, akayakuta mashetani yapo tayari kwenye mti mweusi, yeye akayatia rangi.

Sasa fungua simu yako utafute picha yake yoyote ya miaka ya 90, usisome maelezo, angalia tu. Cha kwanza utaona watu, au viumbe, wamebanana hakuna nafasi, kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja ana rangi yake iliyopakwa bapa bila kivuli, pembeni kazungushiwa mstari. Masikio yananing'inia kama ya mbuzi, macho yametoka, midomo mikubwa, matumbo mbele, mikono myembamba mirefu inapita juu ya kichwa cha mwenzake inakwenda kushika kitu. Nguo zina madoa na michirizi. Alafu angalia wanafanya nini. Mmoja kabeba ndoo. Mmoja anapiga ngoma. Mmoja kamshika mwenzake mkono kama anamwambia twende zetu bwana. Kuna wanaokunywa pombe, kuna wanaopeleka mgonjwa, kuna wanaogombana mlangoni. Na majina ya picha zake nyingi si jina, ni sentensi nzima ndefu ya Kiswahili, kama kipande cha mazungumzo umekisikia dirishani kwa jirani, kinakuambia nani kamwambia nani nini.

Hao ni majirani, binti yangu. Huo ni mtaa wa uswahilini una masikio ya mbuzi. Ile kucheka na kuogopa kwa pamoja ya mapiko ndo imekaa pale, unamtambua jirani ndani ya kinyago. Mi nikiangalia zile picha sioni mtu anayeabudu kitu wala anayemwita mtu, naona mtu aliyelelewa kwenye lugha ambayo walio hai na wasioonekana wanakaa kibarazani pamoja, akaenda nayo mjini, na mjini akakuta foleni, hospitali, vilabu vya pombe na kodi ya nyumba, akaviandika vyote kwa lugha hiyohiyo maana ndo aliyokuwa nayo. Hapo ndo nafasi ya kiroho kwenye kazi yake ninavyoiona mimi. Ilikuwa ni lafudhi yake. Huwezi kumwambia mtu aongeze lafudhi ili auze, na huwezi kumwambia aiache ili aokoke, ataongea tu na utaisikia.

Na kitu kimoja zaidi uangalie. Chini. Hao mashetani wana miguu. Tena miguu mikubwa, bapa, ya vidole viwili vitatu, imekanyaga chini kisawasawa. Kwa hiyo mchungaji akisema wako wamefanana na wa Lilanga kwa kukosa miguu, hapo kwa kweli hajaangalia picha ya mzee. Na hili nalisema taratibu: Lilanga aliugua kisukari, akakatwa miguu. Akaendelea kufanya kazi akiwa amekaa, na vijana wa karakana wakimsaidia, na viumbe wake wakaendelea kuwa na miguu.

Turudi kwa mnunuzi wako, huyo nina maneno naye zaidi.

1989 pale Paris kulifanyika maonyesho yaliyobadilisha mambo mengi, yakaitwa Magiciens de la Terre, ukitaka kwa Kiswahili ni kama Waganga wa Dunia, au wachawi, inategemea nani anatafsiri. Msimamizi wake Jean-Hubert Martin alikusanya wasanii mia moja hivi, nusu wa nchi za Magharibi na nusu wa kwingine kote, na alikuwa na nia nzuri, alitaka kuvunja ule utaratibu wa kwamba msanii ni Mzungu na wengine ni watu wa makumbusho. Hata mchongaji wa Kimakonde alikuwepo, John Fundi. Milango mingi ya Waafrika ilifunguka baada ya pale, tajiri Jean Pigozzi aliyaona yale maonyesho akaanza kukusanya kazi za Afrika kwa wingi, na za Lilanga zimo kwenye mkusanyiko wake. Lakini hebu rudia jina. Waganga. Yani msanii wa New York akiingia pale jina linakuwa utani mzuri, sitiari, msanii wa kwetu akiingia jina linakuwa kazi yake. Tangu hapo kuna aina ya mnunuzi, si wote, kuna wanunuzi wazuri sana, ila kuna aina hiyo, akija anatafuta uganga. Akikuta mtu amechora dagaa anasema safi lakini.

Najua kwa sababu na mimi nimewahi kuwauzia. Miaka ya nyuma nilikuwa nasaidia kwenye duka moja la vinyago na picha, mwenye duka alitaka kila kitu kiwe na kadi, na kadi iwe na habari ya ndoto. Mimi ndo nilikuwa naandika hizo kadi. Kuna mzee mmoja alileta sanamu nzuri mno ya mtu kajikunja, nikaandika kwamba mchongaji aliamshwa usiku na babu yake. Mzee akaniuliza umeandika nini hapo, nikamsomea. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mimi usiku naamshwa na mwenye nyumba. Iliuzwa siku ileile kwa sababu ya babu, na yeye alipewa hela ileile ya siku zote. Bado naona aibu. Sanamu ilikuwa inatosha bila mimi kumzushia babu, na kibaya zaidi nilimfundisha mnunuzi yule kwamba aje kutafuta babu tena kesho.

Kwa hiyo mnunuzi akisema hakuna uzito wa kiroho, muulize kwa upole, wapi kwenye picha? Aonyeshe kwa kidole. Kama ataonyesha kitu, labda nyuso zote zinafanana, labda rangi ya ziwa imekufa, basi kakusaidia, hiyo ni hoja ya mchoraji. Kama hana pa kuonyesha, alikuwa anatafuta kadi.

Usije ukadhani lakini nasema imani haina kazi kwenye sanaa, au kwamba we Mkristo umekosa mtaji ambao Mmakonde alikuwa nao. Hapana kabisa. Kuna mzee mwingine nataka umjue, Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, kazaliwa 1932, kasoma sanaa Makerere kule Uganda kwa mwalimu Margaret Trowell. Miaka ya 50, vita vya Mau Mau havijapoa, akapewa kuta za kanisa la Kianglikana kule Murang'a nchini Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakikuyu Wakristo waliouawa. Fikiria uzito wa hiyo kazi, damu mbichi, watu waliogawanyika nyumba kwa nyumba, na we kijana wa miaka ishirini na kitu unaambiwa chora. Akachora maisha ya Yesu kwenye kuta tano, kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane, msalaba, na Yesu ni Mwafrika, na nchi inayomzunguka ni vilima vya palepale, mtu akitoka nje ya mlango anakutana na kilekile alichokiona ukutani. Saivi tumezoea, tunaona kawaida. Wakati ule picha za Yesu zilizokuwa majumbani kwetu zilikuwa za kalenda, nywele za dhahabu.

Njau baadae ndo akaanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa pale Nairobi na wenzake, 1965, na neno lake la kila siku lilikuwa usiige, kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Mi hilo neno nimelibeba miaka. Ukilitafakari ni la imani na ni la ufundi kwa wakati mmoja, anasema Mungu muumbaji yuko macho pale tu na wewe unapoumba kweli. Sasa angalia upande wako, kama mnunuzi anataka uige Lilanga ili uwe wa kiroho, kwa hesabu ya Njau anakuambia umlaze Mungu usingizi. Paa ya Paa iliungua 1997, kazi na vitabu vingi vikateketea, na wenyewe wakaendelea palepale. Nalo hilo ni sehemu ya safari ya msanii ambayo haiandikwi kwenye kadi.

Na ukisema labda huko ulaya msanii wa kisasa kabisa, wa mavideo, haya mambo ameyaacha, nako sivyo. Kuna Mmarekani Bill Viola, amefariki 2024, alikuwa anatengeneza video za taratibu sana, mtu anaweza kuchukua dakika nzima kuinua kichwa. Akiwa na miaka sita alizama ziwani karibu afe, na maji hayakumtoka maisha yote, yamejaa kwenye kazi zake. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikaa Japani akajifunza Zen, ile njia ya Kibudha ya kutafakari, kwa mwalimu, na kazi ya mtu huyohuyo 2014 ikawekwa kwenye kanisa kuu la St Paul's mjini London, skrini nne, watu wanne, mmoja udongo, mmoja upepo, mmoja moto, mmoja maji, hakuna sauti, hakuna hata neno moja la mahubiri. Namtaja tu kwa sababu ya lile ziwa, na we unaishi kando ya ziwa. Mtu mzima na mitambo yake yote anarudi kwenye kitu kilichompata akiwa darasa la kwanza.

Ndo maana nakuuliza wewe sasa, maana barua yako imenificha kitu. Umeniambia mchungaji kasema nini na mnunuzi kasema nini, hujaniambia kwa nini wamama wa dagaa. Mwanza ina vitu vingi vya kuchora, kuna mawe yale ya Bismarck kila mtu anayachora yanauzika. We umekwenda Mwaloni, kwenye harufu, umesimama na wamama. Kuna nini pale? Ni mama yako? Ni bibi? Ulikuwa unatumwa? Au kuna asubuhi moja uliona dagaa zinang'aa kwenye mkeka ukasikia kitu ambacho kanisani unakijua jina lake na sokoni hukukijua? Sihitaji unijibu mimi. Jiandikie mwenyewe kwenye daftari, kwa Kiswahili chako au Kisukuma kama ndo lugha ya nyumbani, usiandike kwa ajili ya mnunuzi. Siku ukiombwa maelezo ya msanii na nyumba ya maonyesho, na utaombwa, chukua sentensi mbili kutoka kwenye daftari hilo, basi. Usiweke neno kiroho. Usiweke neno Kiafrika. Kama vipo vitaonekana.

Kuhusu kutoboa nikujibu wazi maana umeuliza wazi. Kilichomfikisha Lilanga ni vitu vya kawaida vinne vitano vilivyokutana: mjomba aliyemfungulia mlango, nyumba yenye vifaa na watu wa kumwona akikosea, mkono uliofanya kazi kila siku, watu wa nje walioipenda kazi wakati soko linafunguka, na lugha yake mwenyewe ambayo hakuibadilisha kila mteja akija. Mashetani ni hiyo lugha. Bila hivyo vingine angekuwa mlinzi mwenye lugha nzuri. Kwa hiyo tafuta nyumba yako ya sanaa, hata kama ni chumba na wenzako watatu mnachangia kodi na rangi, hilo litakusogeza kuliko jini lolote, na kuliko kulikimbia jini lolote.

Kwa mchungaji usiende kubishana. Mheshimu, ni mzazi wako wa kiroho. Mwalike Mwaloni asubuhi saa moja, msimame wote pale wamama wakianika, umwonyeshe picha na umwonyeshe watu. Wengi wanaoogopa picha hawajawahi kukaa na picha na kitu chenyewe kwa pamoja. Kama baada ya hapo bado haipendi, ana haki ya kutoipenda, we usiichome. Iweke nyuma ya kabati.

Sasa miguu. Kwenye ile picha uliyoambatanisha nimeikuza kwenye kompyuta, na nadhani najua siri yako, maana nimefundisha watoto wengi. Mikono ya wale wamama umeichora vizuri sana, mpaka kucha, mpaka magamba ya dagaa kwenye vidole. Nyuso umezifanyia kazi. Alafu ukifika kwenye pindo la kanga mstari unaanza kukimbia, unakuwa wa wasiwasi, unafunika na bluu. Binti yangu, hao si majini. Hujui kuchora miguu. Hakuna aibu, miguu ni migumu kuliko uso, mi mwenyewe ilinichukua miaka. Lakini saivi huwezi kumjibu mchungaji wala mnunuzi kwa nini haipo, kwa sababu hukuamua, ulikwepa.

Nenda Mwaloni na daftari, usibebe rangi, kalamu tu. Wiki mbili chora miguu peke yake, ya wamama wenye kandambili, ya wabeba mizigo pekupeku, ya watoto, iliyopasuka kisigino, iliyolowa, yenye matope kati ya vidole. Omba ruhusa kwanza, nunua hata dagaa za buku usiwe kama unawachunguza. Ukifika mguu wa mia mbili hivi nitumie picha za daftari, hata kwa wasap, nizione. Baada ya hapo kama bado unataka waishie kwenye pindo la kanga, waache waishie hapo.